Walikunyima Meza, Wakakujengea Nyumba

Rispa, rafiki yangu,

Wamekujengea nyumba. Naanza na hilo maana najua ungecheka mpaka ushike mbavu. Nyumba nzima, Rispa, kwa siku mbili! Kuta za udongo, mabati mapya, mlango wenye kufuli, na dirisha moja linalotazama shamba la mihogo. Wewe ulikuwa bado mochari hapa Kisumu, na huko Bondo kwa wakwe zako wanaume walikuwa juu ya paa wakipigilia misumari kama watu wanaofukuzwa na mvua, kwa sababu mila haikubali mke wa boma azikwe kama hana nyumba yake hapo bomani. Absalom, mumeo, ambaye tangu mwoane alikuwa akisema atajenga mwakani, alijenga Jumatano na Alhamisi. Jumamosi tukakuzika kushoto kwa mlango ambao hukuwahi kuufungua.

Na wewe miaka mitatu ulimwomba meza.

Ile meza mliyokuwa nayo ilikuwa ya wageni. Ilikuwa imevikwa vitambaa vya kufuma, juu yake redio, juu ya redio kitambaa kingine, na juu ya hicho kitambaa maua ya plastiki yaliyooshwa kila Ijumaa. "Meza ni ya wageni, Mama Achieng," Absalom alikuwa akikwambia kila akirudi kutoka Muhoroni, alikokuwa karani wa kiwanda cha sukari. Wageni wenyewe walikuja Krismasi. Basi wewe uliandika juu ya sinia. Lile sinia la chai lenye maua mekundu, umelipakata mapajani, Jumamosi mchana, watoto wanafua sare uani, kuku anapita na kuacha nyayo zake juu ya sura ya pili. Shahada ya uzamili juu ya sinia. Sijui kama kuna profesa yeyote duniani aliyewahi kufukuza kuku kutoka kwenye tasnifu yake.

Unakumbuka ile brosha? Iliingia ofisini kwenu, idara ya elimu ya watu wazima, ikiwa imefungwa pamoja na mabango ya chanjo. Ukaja nayo kwangu mbio. Chuo cha ng'ambo, hakuna darasa, hakuna mtihani. Mtu anachagua swali linalotoka kwenye kazi yake, anajipangia mwenyewe atakachosoma na atakachofanya, na mshauri huko kwao anasoma kazi yake kwa barua. "Soma kwa mwendo wako, bila kuacha kazi wala familia," ndivyo ulivyonisomea. Na picha ya bwana mmoja mwenye tai, ameketi mbele ya taa, mtoto mchanga analala nyuma yake kama malaika. Niliikodolea macho ile picha. Hakuna mtu aliyekuwa amebeba ndoo ya maji. Hakuna mama mkwe aliyefika bila taarifa na kuku mkononi. Bila kuacha familia! Nani alikuwa ameomba kuiacha? Ni yenyewe ndiyo iliyokataa kutuacha hata saa moja.

Lakini tulijaza fomu, wote wawili. Mimi mwalimu wa P1 wa shule ya msingi, wewe mwalimu wa gumbaru kule mtaa wa Obunga, unawafundisha watu wazima kushika kalamu. Mimi nilitaka kujua kwa nini watoto wanaohesabu chenji sokoni bila kukosea wanashindwa hesabu zilezile ubaoni. Wewe ulitaka kuandika kuhusu wanawake wa mgongo wazi, wale wanaokaanga mifupa ya samaki. Shemeji yako Elkana aliposikia alidhani ni ugonjwa.

Namjua huyo bwana kuliko ninavyotaka. Mwalimu mkuu wa sekondari, kaka mkubwa wa Absalom, suti ya kahawia jua liwake au mvua inyeshe. "Shahada ya stempu," aliiita. Nakumbuka siku ya ubatizo wa mtoto wenu wa mwisho, alisimama na sahani ya kuku mkononi akawaambia wageni: "Mwalimu wa gumbaru anasoma masters kwa posta. Kesho atazaa kwa posta." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, Rispa. Uliniona. Ukaenda kuongeza chai. Nimemdharau yule mtu kwa miaka mingi, na katika dharau yangu yote nimebeba kile kicheko changu, maana kilikuwa kicheko cha bei rahisi, cha mtu anayetaka asichekwe yeye.

Nilidumu mwaka mmoja na miezi kadhaa. Nikawaambia watu wote kwamba niliacha kwa sababu ya watoto. Nilikudanganya na wewe. Ukweli ni kwamba yule mama wa ng'ambo, mshauri wetu, alinirudishia sura yangu ya kwanza ikiwa na swali moja pembeni, limeandikwa kwa penseli karibu kila ukurasa: Nani alikufundisha hili? Mimi! Mwalimu wa miaka kumi na mbili, ninayeitwa Madam mpaka sokoni! Niliona kama ananiuliza nimeiba wapi. Nikazifunga karatasi nikazitupa juu ya kabati. Wewe nawe alikuuliza swali lilelile, kurasa nyingi zaidi, ukafurahi kama umetumiwa zawadi. "Truphosa, ona, anataka kujua ni nani," ukasema, ukachukua mkoba ukarudi Obunga kuwauliza.

Ndipo ulipokaa upande wa moshi. Hii sikuielewa wakati ule. Nilikuona tu unarudi unanuka mafuta ya samaki, nyusi moja imeungua, macho mekundu, na Absalom analalamika kwamba nyumba inanuka kibanda. Wale wanawake hununua mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwandani minofu ikishakatwa na kupelekwa Ulaya, kichwa na mgongo na mkia, wanaikaanga kwenye karai kubwa, na nusu ya Kisumu inakula. Na mtu mgeni kwenye kazi ile haambiwi kitu. Anakalishwa upande ambao moshi unaelekea, anapewa kijiti, anageuza. Haulizi. Akiuliza kabla samaki wa siku hiyo hawajaisha, wananyamaza wote, na kesho yake anaanza upya. Uliniambia ulianza upya mara nne. Mara nne, na wewe mdomo wako huo!

Kuna siku moja naishikilia sana. Tulikuwa ofisi ya parokia, na ile taipureta ya kuazima inayoruka herufi e, nikakusaidia kupiga chapa. Nikaweka karatasi ya kaboni kichwa chini. Kurasa kumi na moja, na kila mmoja ukajichapa wenyewe mgongoni kinyumenyume, nakala ikabaki nyeupe. Nilitaka kulia. Wewe uliinua ukurasa mmoja dirishani, ukausoma kupitia kwenye mwanga, ukasema, "Hii ndiyo nakala ya Elkana. Anasomaga hivi." Tulicheka mpaka katekista akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Halafu ile homa. Jumatatu ulisema ni uchovu. Ijumaa hupo. Sijui niandike nini hapo. Ulikuwa umebakiza kurasa chache na orodha ya vitabu.

Sasa nikueleze mazishi yako, maana yalikuwa sinema. Elkana alizungumza mara tatu: mara moja kama familia, mara moja kama mwalimu mkuu, na mara ya tatu sijui kama nini, alichukua tu kipaza sauti. "Tumempoteza msomi wetu. Boma hii imetoa masters ya kwanza ya mwanamke katika lokesheni hii." Mdomo uleule, Rispa, uliosema utazaa kwa posta. Na msalabani wamepiga rangi, herufi nyeusi nono, jina lako na M.A. mbele yake. Chuo hakijakupa, msalaba umekupa. Wanawake wa Obunga walikuja na lori la samaki, wakaketi nyuma kabisa karibu na choo kwa sababu viti vya mbele vilikuwa vya wageni. Nilitazama vile viti nikakumbuka meza yako.

Baada ya siku kadhaa wakaketi kugawana vitu vyako. Nilikuja na katoni ya mafuta ya kupikia uliyokuwa ukiwekea kazi yako, maana uliiacha kwangu siku uliyougua. Nilikusudia kuomba ruhusa tu, nimalizie orodha ya vitabu, niipeleke posta. Vitenge viligawanywa, sufuria zikagawanywa. Elkana akanyoosha mkono kwenye katoni. "Madam, wewe ni mtu wa Maragoli, si wa hapa, umetusaidia sana, asante, ero kamano. Lakini hii sasa ni maneno ya boma. Kitu ya mke wa hapa ni ya hapa." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nikamtazama Absalom. Absalom akatazama viatu vyake, ambavyo sijui vilikuwa na nini cha kutazama.

Nikampa. Hivyo tu. Sikubisha, sikupiga kelele, nilimpa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka, kisha nikala chakula chao nikarudi Kisumu. Wengine hurithi mjane wa ndugu yao. Huyu, kwa kuwa aliyekufa ni mke na mjane hakupatikana, alirithi tasnifu.

Alitaka nini nayo nilijua baadaye. Serikali ilikuwa inatafuta maofisa wa elimu, na bila masters hupandi. Akaiandikia ileile shule ya stempu. Akajaza fomu, akajipangia masomo yake mwenyewe, kwa mwendo wake, na mwendo wake ulikuwa wa kuvuka barabara na katoni yako kwapani. Mshauri wetu nilikuwa nimemwandikia kwamba umefariki. Alijibu haraka, barua ya huzuni ya kweli, akaomba nimtumie chochote ulichoacha. Sikumjibu. Ningemwambia nini? Kwamba nimeitoa? Miezi miwili nikawa napita mbali na posta.

Halafu Jumamosi moja, hodi. Elkana mlangoni pangu, suti ya kahawia, katoni mkononi. Kumbe yule mama wa ng'ambo si mjinga. Alipoona bwana mpya kutoka Bondo ameleta swali kuhusu wanawake wa mgongo wazi, alimwambia vizuri tu: kabla ya lolote, nenda ukakae nao, uniandikie walivyokupokea. Na bwana mkubwa hakujua Obunga iko upande gani. "Madam, nipeleke kwa hao mama wa samaki. Ni ya muda kidogo tu."

Nilimpeleka. Mungu anisamehe, nilimpeleka kwa furaha, nikipita naye makusudi njia ya matope.

Peres ndiye aliyekuwa karaini. Peres wako, yule uliyemkuta anaweka alama ya kidole gumba ukamfundisha kusoma kwenye benchi la kanisa. Akamsalimia vizuri, akamwonyesha kigoda upande wa moshi. Elkana akakipangusa kwa leso, akaketi, akatoa biro na daftari, akauliza swali la kwanza kabla kikohozi hakijamtoka. "Mama, kwa siku mnakaanga kilo ngapi?"

Kimya. Mafuta tu yanalia. Akauliza tena, kwa Dholuo, kwa sauti ya kuita majina gwarideni. Nami nimesimama pale nikaelewa: hakuwa ameisoma. Ukurasa wa kwanza kabisa wa sura ya kwanza umeandika kwamba pale hakuulizwi kitu mpaka karai litulie. Ni mimi niliyeupiga chapa. Mtu alitaka kuimeza kazi yako nzima na hakuwa ameionja.

Peres akageuza mgongo mmoja wa mbuta, taratibu, kisha akasema, "Hiyo sanduku ni ya Rispa?"

"Ni ya boma yetu," Elkana akajibu.

"Lete nione."

Akampa. Unajua kwa nini alimpa? Alidhani hajui kusoma, anataka kuona picha tu. Aliinama akamfungulia na kumtolea ukurasa wa juu kama mtu anavyompa mtoto kalenda ya zamani achezee. Peres akajifuta mikono kwenye leso yake kiunoni, akauweka ule ukurasa magotini, akaanza kupitisha kidole. Herufi kwa herufi, midomo inacheza, vile ulivyomfundisha. Ukurasa wa jalada, Rispa. Jina lako lilikuwa limekatwa kwa mstari wa biro, safi, kwa rula, na chini yake Elkana ameandika lake.

Peres alifika mwisho, akarudi mwanzo, akafika mwisho tena. Akainua kichwa. "Mimi neno ya kwanza nilijua kusoma ni Peres. Ya pili ni Rispa. Iko hapa, mtu ameikata. Ni nani amekata?"

Makarai yote manne yakaachwa. Wanawake wakasimama, vijiti mkononi. Elkana alianza hotuba. Mila, boma, mali ya marehemu, haki ya ndugu. Alikuwa analia machozi, lakini ya moshi. Peres akakunja ukurasa, akaurudisha katonini, akaisukuma katoni chini ya kigoda chake na kukalia. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwambia mteja samaki wameisha, "Mzee, jaduong', nyinyi mlichukua mwili. Hatukusema kitu, ni wenu. Lakini hii kazi, mtu alikaa hapa kwa moshi, akiwa mzima. Hii hatuwapi."

Na akaondoka, Rispa. Mwalimu mkuu mzima, suti ina madoa ya mafuta mgongoni, akarukia bodaboda ya baiskeli akaenda zake. Nilitamani ungekuwepo. Nilitamani sana nikaona uchungu, nikaketi kwenye kile kigoda alichokiacha nikalia, na wale mama wakanipa kijiti nigeuze. Hakuna aliyeniambia pole. Wamejaa adabu kuliko watu wote wa mazishi yako.

Walinikabidhi katoni jioni, samaki walipoisha. Peres aliniuliza swali moja tu: mbona niliitoa. Nikamwambia niliogopa wazee. Akanitazama kama ninavyomtazama Absalom.

Nimepiga chapa jalada upya, jina lako peke yake. Nimemaliza orodha ya vitabu. Zile kurasa ulizobakiza sikuziandika. Nimeacha pengo na nikamweleza mshauri kwamba hapo mwenyewe alikuwa bado anafikiri. Imeondoka kwa posta wiki iliyopita, inanuka mgongo wazi kuanzia jalada hadi mwisho, na natumaini itanuka hivyo hivyo kwenye maktaba yao. Kama watakupa shahada au watasema kanuni haziruhusu, sijui. Ule msalaba wa Bondo nimeudharau kiasi kwamba hata wakikupa sitafurahi kwamba Elkana aliiotea ile M.A.

Ile nyumba yao imeanza kupasuka ukuta wa nyuma. Udongo wa siku mbili. Hakuna anayelala ndani, na mama mkwe wako anaweka humo magunia ya mahindi.

Mimi nimenunua meza. Ya mbao, fupi, ina mguu mmoja unaocheza, nimeukingia kadibodi. Haina kitambaa hata kimoja. Mama Pastor alikuja kunitembelea akatafuta mahali pa kuweka kikombe, nikamwambia ashike mkononi. Na nimewakalisha watoto na baba yao nikawaambia wazi: siku nikifa, nisipigiliwe bati hata moja. Anayetaka kunijengea kitu anijengee sasa, nikiwa naona.

Nimezishusha zile karatasi kutoka juu ya kabati. Panya wamekula pembe, lakini penseli ya yule mama bado inasomeka. Nitamaliza, Rispa. Nakuahidi, na safari hii sitasingizia watoto. Nimeanza na ukurasa wa kwanza, pale pembeni panapouliza nani alikufundisha hili, na chini yake nimeandika jina lako kwa herufi kubwa, ambazo hata Peres atazisoma kutoka upande wa pili wa karai.

Lala, rafiki yangu. Nyumba ni mbovu, lakini mlango una kufuli.

Wako,
Truphosa